Kipa wa Akiba

4 Februari. Huu ni mwaka wa thelathini na mbili tangu niondoke nyumbani, na wa pili tangu niache kazi.

Mpwa wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Hapa sote hatujambo, maana niko peke yangu. Baridi imekaza. Bomba la jikoni liliganda wiki iliyopita, na jirani wa juu, mtu wa miaka sitini, ameanza kujifunza tarumbeta. Ana mapafu mazuri. Zaidi ya hayo hana.

Barua yako ya Desemba imenifikia juzi. Unasema klabu haikukuongezea mkataba, kwamba goti lako halina shida yoyote, na kwamba wenye shida ni umri. Miaka thelathini na mitano. Katika kazi yangu ya kusahihisha vitabu kabla havijachapwa, mtu wa umri huo alikuwa bado haaminiwi na kamusi. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka hiyo hiyo nilipopanda gari kuja huku, na wewe ulikuwa mtoto wa miaka mitatu, umesimama mlangoni na kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa kwenye begi langu. Sijui kiliingiaje.

Unaniuliza mtu aliyestaafu mpira aanzie wapi na pesa aliyonayo. Hapo umemuuliza mtu ambaye si mwenyewe. Nimesoma vitabu vingi sana kuhusu pesa, lakini nilivisoma kwa mshahara, nikitafuta nukta zilizokaa vibaya. Hata hivyo msahihishaji hawezi kuziba masikio, na ninachokumbuka ni hiki. Mchezaji hupokea ujira wa maisha yote ndani ya miaka kumi, kisha huishi mingine arobaini akidhani mshahara umechelewa. Kwa hiyo igawe mapema. Fungu moja usiliguse hata nyumba ikiungua. Fungu la pili ule. La tatu ulifanyie jaribio, na siku unayolitoa ulihesabu limekwisha kufa, ili likirudi likukute una furaha.

Na kila atakayekuletea wazo la biashara, mwulize swali moja tu: wewe unaweka ngapi? Wengi watakumbuka kuwa wana safari.

Mengine yanahitaji tukae ana kwa ana. Nikirudi tutayapanga vizuri.

Msalimie mama yako. Mwambie miwani haifanyi kazi ikiwa kabatini.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mama hajambo, na miwani bado iko kabatini, anasema anaitunza. Barua yako ameisoma mwenyewe, hakutaka nimsomee. Unajua tangu amalize lile darasa la watu wazima anasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, hivyo kurasa zako mbili zimetuchukua siku mbili. Penye tarumbeta amecheka. Mwisho wa barua ameurudia mara kadhaa, sikumwuliza kwa nini.

Hao wageni uliowataja walifika kabla ya barua yako. Shemeji alikuja na sungura. Nilimwuliza anaweka ngapi, akasema yeye anaweka uzoefu. Hajawahi kufuga sungura. Kisha akaja beki wetu wa zamani, siku hizi anavaa tai hata kwenye jua kali. Ana kampuni. Haina ofisi wala bidhaa, lakini ina nembo. Yeye akasema anaweka jina. Nikamwambia jina ninalo la kwangu, tena mawili, akaniona sina maono.

Straika wetu unamkumbuka nilivyokuwa nikikuandikia habari zake, yule wa goli la fainali. Alipostaafu alifungua baa. Kila aliyeingia akasema, "Kaka, lile goli mimi nilikuwepo," akapewa ya bure. Uwanja ule unachukua watu elfu ishirini. Kwa hesabu ya bia zilizonyweka, walikuwepo elfu arobaini. Baa imefungwa na yeye sasa anasema hapendi mpira.

Basi nikakaa nikatafuta faida niliyonayo mimi kuliko straika. Nimeiona. Nimekuwa kipa wa akiba misimu kumi na moja. Nimedaka mechi tisa, na moja kati ya hizo niliingia kipindi cha pili. Hakuna mtu hapa mjini anayekumbuka nilichookoa. Kwa hiyo kila atakayeingia dukani kwangu atalipa.

Wananitania mtaani, "Kipa wa akiba, akiba iko wapi?" Iko, mjomba. Mchezaji wa benchi hanunui gari la kifahari, maana hata akipita nalo hakuna anayegeuka. Mafungu mawili nimeyaweka kama ulivyosema. La tatu nimenunulia mashine ya kubandika namba na maandishi kwenye jezi. Imekaa kama pasi kubwa yenye taya. Kazi yenyewe naijua. Siku za mechi nilikuwa sina jasho la kuoga, hivyo wenzangu wakiwa bafuni mimi nilikuwa stoo namsaidia mtunza vifaa wetu kubandua majina ya waliouzwa.

Nimepanga kibanda nyuma ya duka la dawa. Hakina dirisha, kina balbu. Kibao nimekiandika AKIBA kwa herufi kubwa, kwa sababu ndivyo wanavyoniita, na chini yake kwa herufi ndogo: jezi na vifaa vya michezo.

Swali dogo, halina uzito wowote. Kile kitanda ulichoacha hapa nyumbani, chumba cha mbele, ni cha futi ngapi? Na yale makasha yaliyo uvunguni, ni mazito? Nauliza tu.

Mpwa wako


7 Mei

Mpwa wangu,

Nimefurahi kusikia hamjambo. Huku baridi imelegea na bomba limepona lenyewe, kabla fundi hajapata nafasi ya kuja kuliua. Jirani anakaribia kumaliza wimbo wa kwanza. Anafika katikati, anasimama, anarudi mwanzo. Mtaa mzima sasa tunajua nusu ya wimbo.

Kuhusu straika wenu, sina la kuongeza. Ungekuwa mswada ningeuacha ulivyo.

Kitanda ni futi nne kwa sita. Makasha yana kamusi, na kamusi ni nzito kuliko zinavyoonekana. Hukusema kwa nini unauliza, na mimi siulizi kwa nini hukusema. Ni chumba kizuri kile. Dirisha lake linatazama barabara, na kina mlango wake wa nje. Babu yako alikijenga hivyo makusudi, alitaka kiwe duka. Alikaa miaka sita akifikiria auze nini, kisha akafa, ndipo mimi nikaingiza kitanda.

Sasa tuseme habari ya kazi, maana umeingia kwenye ukoo wetu bila kujua: wewe pia unachapa. Jicho ni vivu, mpwa wangu. Linaona neno linalolitarajia, si neno lililopo. Kwenye kiwanda chetu cha uchapaji vitu vya hatari, kama majina ya watu, bei, na kichwa cha ukurasa wa kwanza, tulivisoma kinyume, kuanzia herufi ya mwisho mpaka ya kwanza. Ukilisoma hivyo neno linakosa maana, na neno lisilo na maana haliwezi kukudanganya. Kabla hujashusha taya la hiyo pasi yako, soma kinyume. Fanya hivyo hata kama neno lina herufi tatu.

Na kile kibao kitazame tena. Neno "akiba" likisimama peke yake kwa herufi kubwa, watu watakuja kuweka pesa.

Kuhusu chumba usijisumbue. Nikirudi vitabu nitavipanga mwenyewe.

Mjomba wako


22 Juni

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Mama alikohoa wiki moja, ameacha. Barua yako imefika Jumatatu. Ingefika Jumamosi ingenisaidia.

Timu ya walimu walikuwa na mechi na timu ya wauguzi, ile ya kila mwaka. Walimu wamefungwa miaka minne mfululizo, na safari hii waliamua kujipa moyo: jezi mpya, na kifuani neno moja, TUTASHINDA. Nimefanya kazi siku mbili chini ya ile balbu. Asubuhi ya mechi nikazipeleka uwanjani mwenyewe, zimekunjwa vizuri. Kapteni wao ni mwalimu wa Kiswahili. Akakunjua moja, akainyanyua mbele yangu.

"Hii ni nini?"

"Jezi, mwalimu."

"Soma."

"Tutashinda."

"Soma tena."

Nikasoma tena, mjomba, na bado nikaona tutashinda. Muuguzi mmoja aliyekuwa upande wa pili wa uwanja, akifunga kamba za viatu, ndiye aliyelisoma kwa sauti. TUTASHINDWA. Zote kumi na sita.

Muda wa kubadilisha haukuwepo, na jezi za zamani walikuwa wamekwisha kuwagawia wafagiaji wa shule. Wakavaa. Wakafungwa tatu bila. Baada ya mechi kapteni alinijia pole pole, akaniambia, "Mimi nafundisha kauli ya kutendwa kila muhula. Leo nimeivaa kifuani dakika tisini." Nikajitetea kwamba jezi zimesema kweli. Hakucheka. Nimewarudishia nusu ya pesa na nimeibandua ile W kwenye zote. Sasa kuna pengo pale, inasomeka TUTASHIND A, kama mtu aliyejikwaa katikati ya neno. Wamezipokea.

Kwenye kibao pia ulisema kweli. Wameshakuja watu watatu kuweka pesa. Wa mwisho ni yule mama muuza mkaa. Alizitandaza mezani, akaniambia niandike jina lake. Nikamwambia, "Mama, hapa tunauza jezi." Akasema, "Najua ni jezi, mwanangu, sijawa kipofu. Lakini wewe una sura ya mtu asiyetumia." Ilinichukua muda mrefu kumrudishia.

Sasa habari yenyewe. Mwenye duka la dawa anakitaka kibanda chake mwisho wa Septemba, anataka kuweka maboksi. Wakati huo huo kamati ya ligi ya shule wananitaka niwatengenezee jezi za shule zote za wilaya. Oda hiyo ingenibeba mwaka mzima. Lakini hawampi kazi mtu wa kibanda, na baada ya habari ya walimu siwalaumu. Wanataka waje waone duka lenye dirisha, lenye mlango wa barabarani, na sampuli ukutani. Vyumba vya barabarani nimeulizia kodi. Fungu la kwanza lingekwisha kabla ya Krismasi, na hilo uliniambia nisiliguse.

Nikamgusia mama habari ya chumba cha mbele. Nakuandikia alivyosema, sikuongeza chumvi.

"Chumba cha nani?"

"Kile cha mbele, mama."

"Nimekuuliza cha nani, sijakuuliza kiko wapi."

"Cha mjomba."

"Haya. Na mjomba wako kaandika nini?"

Akaichukua barua yako, akaweka kidole. "Ni, ki, ru, di. Hiyo ki unaiona?"

"Naiona. Lakini mama, si anaiandika kila mwaka?"

"Ndiyo. Na hakuna mwaka alioifuta."

Mazungumzo yakaishia hapo. Kila Jumamosi anafagia chumba na kubadilisha mashuka ambayo hayajalaliwa na mtu. Sikuulizi kitu, mjomba. Nakupa habari tu.

Mpwa wako


30 Julai

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako. Mimi mzima, isipokuwa jino.

Kuwarudishia walimu nusu ulifanya sawa. Ungewarudishia zote wangejua huna biashara, na usingewarudishia kitu wangejua huna aibu. Yule kapteni mtunze. Mteja aliyekuona umekosea na ukalipa hana sababu ya kukuogopa tena. Ile W isikuumize. Ni herufi ndogo lakini nimewahi kuiona ikimgeuza aliyepiga kuwa aliyepigwa, kwenye ripoti ya mahakama, na wakili aliyeigundua alijenga nyumba.

Kuhusu dirisha la chumba cha mbele: bawaba ya kushoto hugoma wakati wa mvua. Liinue kidogo ndipo ulisukume. Nakutajia tu, kwa kuwa uligusia habari za madirisha.

Kuhusu hilo jingine, ningerudi mwaka huu huu, lakini kuna mambo ya makaratasi, na daktari wa meno amenipangia miadi Novemba.

Mjomba wako


28 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Pole na jino. Mtaani wote wazima. Kamati wameniongezea muda wa kuwaonyesha duka, lakini hawavuki Septemba.

Mama ameiona. Nilitumaini haitaonekana. Alifika pale kwenye "ningerudi" kidole kikasimama, akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena. Halafu akajifunga kanga, akaitia barua kwenye mkoba, akaenda kwa yule kapteni wa walimu. Nilimfuata. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari barazani kwake, amevaa ile jezi.

Mama akamwambia, "Mwalimu, mwaka jana kaniandikia nikirudi. Mwaka huu Februari nikirudi, Mei nikirudi. Sasa kaandika ningerudi. Ni kosa?"

Mwalimu akasoma. "Huyu kaka yako kazi yake nini?"

"Kusahihisha vitabu."

"Basi si kosa." Akavua miwani. "Mama, ki inaacha mlango wazi. Nge inaurudisha."

"Inaufunga?"

"Haijaufunga. Imeurudisha tu. Angeandika ningalirudi, hapo ndipo angetia komeo."

Mama akashukuru, tukaondoka. Njiani hakusema neno ila moja, kwamba yule mwalimu inafaa aifue hiyo jezi. Tulipofika nyumbani akayatoa mashuka yako akayafua, na ilikuwa Jumanne.

Mjomba, nikueleze kitu kuhusu benchi, halafu unielewe. Kipa wetu namba moja alikuwa rafiki yangu. Tulilala chumba kimoja safari zote. Misimu kumi na moja nilikaa pale pembeni na glavu mkononi, nikimwombea heri, na kwa chini chini nikisubiri aumie, maana kipa wa akiba hana njia nyingine ya kuingia uwanjani. Msimu wa saba alivunjika kidole. Mimi nilikuwa nimeshasimama kabla hajaanguka. Aliniona. Tumebaki marafiki, lakini aliniona.

Sasa naamka asubuhi napita mbele ya mlango wa chumba chako, kitanda kimetandikwa, nami najiuliza nasubiri nini. Sitaki kukaa benchi kwenye chumba chako, mjomba. Ukilifikiria utaona ninachokataa kukiandika.

Beki wa tai amenipa bei ya mashine, anataka kuiingiza kwenye kampuni yake ile. Nimemwambia nitamjibu siku ninayotoka kibandani. Ukiandika kwamba unarudi, nitaiuza bila kinyongo, nipake chumba rangi, nikupokee kituoni. Sikudanganyi. Andika lolote unalotaka, ila usitumie nge.

Jambo la mwisho, na mama asijue nimekwambia. Andika kwa herufi kubwa. Siku hizi silabi hazikai chini ya kidole chake. Ile barua ya Julai aliisoma karibu yote kwa kubahatisha, lakini hilo neno moja alilipata.

Mpwa wako


14 Septemba

Dada yangu, na mpwa wangu,

Barua hii naituma kwa posta ya haraka, kwa mara ya kwanza maishani. Karani alinitazama kana kwamba kuna aliyekufa. Nikamwambia ni habari za duka.

Hapa hatujambo. Nasema hatujambo kwa sababu jirani wa tarumbeta amemaliza wimbo wake wote, na jana alinigongea kuniuliza nimeuonaje. Nimemwambia sehemu ya pili haina haraka kama ya kwanza. Akasema amefurahi kumpata mtu anayesikiliza. Sikumwambia kwamba sina pa kukimbilia. Alikaa akanywa chai, akavunja kikombe, akakilipa.

Dada, nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu macho yangu yamechoka. Yako yamekuwaje sijui, hakuna aliyeniambia. Lakini ile miwani itoe kabatini.

Mpwa wangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma prufu yoyote. Haikuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililonisumbua.

Nianze na mambo ya kufanya, maana hayo ni mepesi. Kitanda mpeni mtu anayelala. Mashuka yamefuliwa vya kutosha. Kamusi zote mpelekeeni yule mwalimu, isipokuwa kubwa ya jalada jekundu, hiyo ibaki dukani kando ya mashine, na isiguswe kwa mikono yenye gundi. Mlango wa nje ufunguo wake niliondoka nao, na nimeupoteza mwaka nisioukumbuka. Vunjeni kitasa mweke kipya. Dirisha nilikwisha kueleza. Kwenye kibao, chini ya jina, ongeza mstari: hatuweki pesa za watu. Usome kinyume kabla ya kuuandika.

Kisha ulipe kodi. Kila mwezi, kwa mama yako, mkononi, kiasi kile kile ambacho ungemlipa mgeni barabarani baada ya kubishana naye vizuri. Dada, utaipokea, na usimrudishie kwa mlango wa jikoni. Duka lisilolipa kodi haliwezi kujua kama linapata faida, linajua tu kwamba bado halijafungwa. Straika alikuwa na baa ya namna hiyo. Na yule wa tai mwambie mashine haiuzwi, lakini anaweza kuja kutengenezewa fulana yenye nembo, kwa pesa taslimu.

Sasa jambo lenyewe, dada.

Sababu iliyoniondoa ilikwisha zamani. Wakubwa wa wakati ule walionitaka niondoke wengine wamekufa, na wengine wamestaafu na nasikia wanafuga nyuki, kwa hiyo siwezi kuendelea kuwasingizia. Makaratasi ninayo, yako kwenye droo, yalikamilika kitambo. Meno yanang'olewa hata huko. Nimekaa huku karibu sawa na nilivyokaa huko. Njia yangu ya sokoni naijua gizani. Muuza magazeti ananiwekea la kwangu. Nikiota, watu wa nyumbani wananijia huku, wanapanda ngazi hizi hizi, wanalalamika baridi. Siku hizi siwaoti kule tena.

Lile neno la nikirudi nililiandika kila mwaka kwa sababu barua ilionekana fupi bila lenyewe. Niliweka ki kama watu wanavyoweka nukta, bila kufikiri. Sikujua kwamba kuna mtu analifulia mashuka. Aliponiambia huyu kijana, nilitafuta neno la katikati, nikaandika lile la Julai, na wewe ukalikamata kwa kidole. Ungefanya kazi kiwandani kwetu ungekuwa bosi wangu.

Chumba ni cha duka, kama baba alivyokijenga. Kijana ataingia kukiwa hakuna aliyeumia. Hakuna mtu anayepaswa kusimama kabla mwingine hajaanguka, si kwenye nyumba yetu.

Neno linalofuata nimelisoma kinyume, kuanzia herufi ya mwisho mpaka ya kwanza, mara mbili, na silioni kosa. Nimeliweka peke yake kwenye mstari ili kidole kipate nafasi.

SITARUDI.